Barua ya wazi kwa viongozi wa Dar es Salaam: Msiwahamishe wabunifu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Waheshimiwa Mameya na Wakurugenzi wa Jiji na wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Na ninyi wakuu wa mashirika na makampuni yenye ofisi mkoani humu.

YAH: MAHALI NA MUDA WA KUFANYIA KAZI ZA UBUNIFU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msanifu wa machapisho. Natengeneza vitabu, kalenda, vibao vya maduka na lebo za bidhaa katika chumba cha kupanga Kinondoni. Kabla ya hapo nilikuwa mwajiriwa wa taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Nawaandikia kwa sababu siku hizi hotuba zenu hazikosi neno ubunifu, nami nalifurahia hilo kwa moyo wote, ila naona mnautafuta pasipo penyewe. Mnautafuta kwenye makongamano, kwenye mashindano na kwenye usiku wa tuzo. Mji huu umeshatoa vitu vilivyozunguka dunia, na ukifuatilia vilikoanzia utakuta karibu kila mara ni sehemu ambayo watu walikaa pamoja miaka mingi, kazi ileile, bila mtu kuwaambia wapishe.

Anzeni na Morogoro Stores, Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, Tunduru, akapita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja mjini kufanya kazi za majumbani na vibarua. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile inayopakwa baiskeli. Chuo cha sanaa hakukiona. Hadibodi ilikuwa rahisi, rangi ilikuwa dukani, na wageni waliokuwa wakija kununua mahitaji yao Morogoro Stores ndio waliokuwa wateja. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa.

Hesabuni wenyewe. Mtu alichora miaka minne tu, halafu akaondoka ghafla, hakuacha kitabu wala shule. Mtindo ule ulitakiwa uzikwe naye. Haukuzikwa, kwa sababu ndugu na majirani aliokuwa amewafundisha walibaki palepale Morogoro Stores wakiendelea kuchora, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika. Leo picha ya Tingatinga inatambuliwa hata na mtu asiyeweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani.

Nendeni mkawatazame wakiwa kazini, maana pale kuna jambo ambalo semina haiwezi kulifundisha. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Mchoraji anapaka rangi ya chini kwenye kibao, anakiegemeza ukutani, anachukua kingine. Kijana anayeanza ndiye mara nyingi anayepewa kupaka hiyo ya chini. Wakati wa kusubiri ikauke, kila mmoja anatazama kazi ya mwenzake: jinsi alivyozungusha shingo ya twiga, jinsi alivyopanga madoa ya chui yasigusane. Kesho yake unaona doa la yule limehamia kwenye kibao cha huyu, limebadilika kidogo. Anayepita haraka ataona watu wanaoigana. Mimi naona watu wanaosogezana mbele, na kinachowawezesha ni kule kusubiri pamoja. Ukiwatawanya leo, mmoja Chanika, mwingine Bunju, mwingine Kibada, kila mmoja ataendelea kuchora alichokuwa akichora siku ya mwisho walipokuwa wote.

Mwaka uleule wa 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa hapa mjini, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na Mwalimu Nyerere akaipa nguvu. George Lilanga, ambaye mashetani yake ya kuchongwa na kuchorwa yameonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani, aliingia pale kwanza kama mlinzi. Mlinzi! Alikuwa Mmakonde anayejua kuchonga, akawa karibu na watu wenye rangi, karatasi na vyombo vya kuchapia, na mtu mmoja akawa na macho ya kuona kwamba mlinzi huyu ana kitu. Hakuna fomu ya maombi ambayo ingemleta Lilanga. Alikuja kwa sababu nyumba ilikuwepo na mlango ulikuwa wazi. Leo ukipita Mtaa wa Ohio, ilipokuwa nyumba hiyo, huwakuti wale wachoraji, wachongaji na wafinyanzi waliokuwa chini ya paa moja. Watu wa rika langu bado tunaelekezana njia kwa kutaja Nyumba ya Sanaa, na vijana wetu wanatuuliza ni kitu gani hicho.

Sasa niwageukie wakuu wa mashirika, maana ninyi mnadhani mambo haya ni ya Wizara peke yake.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, kama makarani na madereva. Vyombo vilinunuliwa na chama. Mzee Muhidin Gurumo na wenzake wakawa na uhakika wa kodi ya nyumba na wa kesho kuwa na mazoezi. Chama kikabadilika jina kikawa JUWATA, kisha OTTU, bendi ikabadilika nacho, na mwisho ikabaki Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikaja Mlimani Park, ikiwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Ule ushindani wa Msondo na Sikinde uliokuwa unaugawa mji Jumamosi na Jumapili ulilipwa na chama cha wafanyakazi na shirika la maendeleo. Mashirika hayo hayakuwa na idara ya ubunifu. Yalikuwa na kasma, yaani fungu la bajeti, ya mishahara ya wanamuziki, na yaliacha watu wafanye mazoezi mchana.

Sitaki mfikiri naomba ule utaratibu urudi kama ulivyokuwa. Mwanamuziki aliyeondoka bendi aliacha gitaa nyuma kwa sababu halikuwa lake. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, kanda zikabaki huko, na mtunzi alizeeka huku anasikia sauti yake redioni asione senti ya maana. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ilikuja wakati wengi wao wameshachoka au wameshakufa. Kwa hiyo chukueni lile zuri: mshahara, vyombo na mahali. Lile baya, la mtu kutomiliki alichotunga, liacheni huko lilikobaki.

Na kama mnadhani hizo ni habari za wazee, nendeni Mburahati. Singeli, muziki wa kasi wa vijana, ilikua katika vyumba vidogo vya huko na vya Manzese, Tandale na Mbagala: kompyuta moja ya mezani, spika, vijana kadhaa kwenye godoro wakingoja zamu yao. Mmoja anakata kipande cha taarabu, anakikimbiza mpaka mapigo yazidi 200 kwa dakika, mwenzake anamwambia bado, ongeza. Usiku wanaupeleka muziki huo kwenye kigodoro, sherehe ya usiku ya mtaani, na watu wasipocheza wanajua palepale kwamba kipande kile hakifai. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo vijana hao wakaanza kupigiwa simu kutoka matamasha ya Ulaya. Huku nyumbani, wao na sherehe zao walijulikana zaidi kwa kukamatwa na kupigwa marufuku. Najua majirani wanahitaji kulala, na najua yaliyowahi kutokea kwenye vigodoro yakawaumiza mabinti zetu. Dawa yake ni kiwanja kinachojulikana, saa zinazojulikana na mjumbe wa mtaa anayejua nani anawajibika. Kufunga tu ni kuwanyima mahali pekee wanapopimia kazi yao.

Niseme sasa nilichokiona ofisini, kwa sababu ubunifu unafia huko bila hata kupigwa marufuku.

Katika taasisi niliyoitumikia palikuwa na dada wa mapokezi. Kila siku alikuwa anarudisha watu walewale: huyu hajaleta nakala ya kitambulisho, huyu picha zake zina rangi ya nyuma isiyotakiwa, huyu barua ya serikali ya mtaa haina muhuri. Watu walikuwa wanatoka Mbagala na Gongo la Mboto, wanapoteza siku, wanamtukana yeye. Akachukua karatasi ya manila na makapeni akachora vitu vinavyotakiwa, kimoja kimoja, kwa picha, hata mzee asiyesoma aelewe. Akaniomba nimsaidie kunyoosha mistari. Ilikuwa kazi safi. Alitaka ichapwe kwenye bango kubwa la turubai, libandikwe nje ya geti, watu walione kabla hawajapanga foleni.

Akaambiwa aandike dokezo. Akaandika. Dokezo likapitia masjala, likapanda kwa mkuu wa kitengo, akaandika pembeni "Nimeona". Likaenda kwa mhasibu, akaandika kwamba hakuna kasma. Likapanda kwa mkurugenzi, likarudi limeandikwa "Tujadili". Hakuna aliyelijadili. Bango lile lingegharimu pungufu ya posho ya mjumbe mmoja wa kikao cha siku moja. Miezi michache baadaye taasisi ikaadhimisha wiki ya ubunifu: mahema, fulana, muziki, mgeni rasmi. Dada alikuwa miongoni mwa waliogawa maji. Ile manila ilikuwa bado nyuma ya mlango wake, na hakupendekeza kitu kingine tena.

Naomba wakurugenzi mliosoma mpaka hapa mjiulize ni madokezo mangapi ya namna hiyo yamelala kwenye majalada yenu. Aliye karibu na tatizo ndiye huliona kwanza, na kwetu aliye karibu na tatizo huwa ndiye wa chini kabisa: mapokezi, dereva, mtunza stoo, mhudumu. Tumejenga ofisi ambazo wazo lazima lipande ngazi zote kwenda kuomba ruhusa kwa mtu ambaye hajawahi kukaa dirishani.

Wengine walishalitatua. Toyota, kampuni iliyotengeneza Hiace na Coaster tulizopanda daladala maisha yetu yote, ilianzisha utaratibu wa mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951, baada ya Eiji Toyoda kwenda Marekani mwaka 1950 kukitembelea kiwanda cha Ford na kuukuta huko. Yanayopendekezwa mengi ni madogo: sehemu ya kuweka spana, urefu wa meza, jinsi ya kutoinama mara mbili. Uzito wake uko kwenye jibu. Mtu anajibiwa, anaambiwa fanya au anaambiwa kwa nini isifanyike, na wazo dogo nalo lina malipo yake madogo. Serikali yetu imekuwa ikifundisha Kaizeni, mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, viwandani kwa ushirikiano na Wajapani, kwa hiyo jambo hili si geni kwenu. Ofisini tuna sanduku la maoni lenye kufuli, na ukiuliza ufunguo uko kwa nani wanatazamana.

Mkuu wa kitengo apewe fungu dogo la fedha analoweza kulitumia kujaribu jambo bila dokezo kupanda, alitolee hesabu baadaye kama anavyorejesha masurufu, na jaribio likishindikana lisigeuzwe hoja ya ukaguzi ilimradi fedha ilitumika kwa kilichosemwa. Hapo tu, mengi yatatoka nyuma ya milango.

Narudi mitaani, kwa wakurugenzi wa halmashauri, maana ninyi ndio wenye ardhi.

Katika eneo la Gerezani, karibu na Kariakoo, nimewahi kwenda kumfuatilia fundi anayetengeneza mashine za kukamulia miwa. Anatumia gia za magari chakavu, mabomba, bati nene, grinda na mashine ya kuchomelea. Muuza juisi mmoja wa Kariakoo akamletea malalamiko: makapi yananasa kati ya roli, inabidi asimamishe kazi achokonoe kwa bisibisi, na vidole vyake viko hatarini. Fundi akaifungua palepale, akasogeza roli ya chini, akaongeza kibati cha kuelekeza makapi nje. Yule akaondoka nayo kwenye guta. Haikupita wiki jirani wa pembeni akawa naye anachomelea kibati hichohicho, ila amekikunja zaidi ili mikono isifike kabisa. Mteja, fundi na jirani wako ndani ya mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hiyo ndiyo maabara yenu, na imejengwa bila shilingi ya serikali.

Sasa sikilizeni wanavyozungumza. Mtu akikutwa na mashine nzuri anaulizwa kwa nini hanunui mtambo mkubwa zaidi, na jibu ni lilelile Gerezani, Keko kwa maseremala na Mwenge kwa wachonga vinyago: hatujui tutakuwa hapa mpaka lini. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwepo hajengi sakafu ya zege, hachukui mwanafunzi wa miaka mitatu, hajaribu kitu kitakachoanza kumlipa baada ya mwaka. Anatengeneza kile kinachouzika leo. Nyinyi mnasema mafundi wetu hawana ubunifu, wanarudia makochi yaleyale. Mpeni seremala wa Keko mkataba wa miaka 20 muone atakachokitengeneza.

Kila soko linapoungua au barabara inapopanuliwa, watu hawa huhesabiwa pamoja na wafanyabiashara wengine wadogo wakatafutiwa "eneo mbadala". Muuza viatu anaweza kuhamia mtaa wa pili akauza. Fundi akihamishwa anapoteza muuza vyuma chakavu, mchongaji wa roli, mpaka rangi, na yule mama mteja aliyekuwa anapita kulalamika. Kwa hiyo kwenye ramani zenu za mipango miji pawekwe alama: hapa ni karakana, hapa ni wachoraji, hapa ni vinyago, na vyama vyao vipewe hati ya pamoja au mkataba mrefu wenye jina la chama. Wakishindwa kulipa kodi ya pango wadaini kama mnavyomdai mpangaji mwingine. Mtu asije na mwekezaji siku moja asubuhi.

Kuna na fedha ambayo tayari mnayo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni utaratibu mzuri na naomba uendelee. Lakini andiko la mradi linataka uonyeshe faida, na jambo ambalo halijawahi kufanywa halina hesabu ya faida ya mwaka jana. Ndiyo maana anayeandika kuku wa mayai au bodaboda anaeleweka haraka, na anayeandika kifaa kipya cha kukaushia dagaa anaulizwa nani mwingine anacho. Tengeni sehemu ndogo ya mikopo hiyo kwa mambo yasiyo na mfano, muijue tangu mwanzo kuwa mingine itapotea.

Kuhusu mashindano, nisieleweke vibaya. Tangu 2019 tuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na yamewaibua mafundi na wanafunzi ambao tusingewajua. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama ina watu wanaoipenda kazi hii. Shida inaanza siku ya pili: mshindi anarudi na cheti chake chumbani kwake, peke yake, mahali pasipo na mtu wa kumwambia bado, ongeza. Zawadi ya kwanza ingekuwa benchi la kazi kwenye karakana yenye wenzake, kwa miaka miwili, na umeme umelipwa.

Na ada. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, kijana mwenye blogu alitakiwa kulipa jumla ya zaidi ya shilingi milioni 2 kwa leseni na ada zake kabla hajapata msomaji wa kumlipa. Kanuni zile zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na nashukuru. Wapo walioacha mwaka ule na hawakurudi. Kila mnapotunga ada mpya kwa wasanii au watengeneza filamu, naomba itozwe baada ya kipato cha kwanza.

Wenzangu wataniambia nimeomba mengi. Mkitaka moja la kuanzia, anzeni na ramani, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri bajeti ya Juni, ila eneo likishauzwa halirudi. Morogoro Stores, Gerezani, Keko, Mwenge na mitaa ya studio za Mburahati yote yanazungukika ndani ya siku moja mkitoka asubuhi kabla ya foleni. Niko tayari kuwatembeza. Mheshimiwa akibanwa na ratiba, atume afisa mipango miji mwenye hiyo ramani na kalamu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msanifu wa machapisho,
Kinondoni, Dar es Salaam